Wauaji waliofungua kinywa: habari za Vlakplaas

Neno askari sote twalijua. Wazee wetu walilitumia kwa watu wa Force Publique. Askari alikuwa mtu wa serikali, watoto walimkimbia na wakubwa walimwamkia. Hata katika mateso ya Bwana twamkuta: askari ndio waliogawana mavazi yake, na mkubwa wao ndiye aliyeshuhudia haki yake chini ya msalaba. Ni neno la kila siku, wala hatuoni ajabu ndani yake.

Kumbe kule Afrika ya Kusini, mbali na kwetu, neno lilo hilo lilitumiwa bila kutafsiriwa, na maana yake ilikuwa ya kutisha. Katika miaka ya 1980 polisi wa siri wa serikali ya makaburu walimwita askari yule mpigania uhuru aliyekamatwa, akateswa, akageuzwa, kisha akalipwa mshahara ili awawinde ndugu zake wa jana. Alizijua njia zao, alizijua sura zao na nyumba walimolala. Wengine walikubali kazi hiyo kwa tamaa. Wengi walikubali kwa sababu mlango wa pili ulikuwa kaburi.

Kambi yao ilikuwa shamba moja karibu na mji wa Pretoria, jina lake Vlakplaas. Leo, ndugu wasomaji, nataka kusimulia habari za shamba lile. Lakini zaidi nataka kusimulia jinsi habari hizo zilivyopata kujulikana. Maana hazikufumbuliwa na juji, wala na polisi mwema, wala na mtu mtakatifu. Zilifumbuliwa na wauaji wenyewe.

Hali ya inchi ile yajulikana, nitaipita upesi. Tangu mwaka 1948 serikali ya wazungu wachache ilifanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria: mahali pa kukaa, shule, kazi, hata ndoa. Mwaka 1960 chama cha ANC kilipigwa marufuku, na vijana wengi wakavuka mipaka kwenda kujifunza vita, wakarudi kwa siri na bunduki. Serikali ilikuwa na sheria kali, na magereza, na kamba ya kunyongea, tena haikuona haya kuvitumia. Lakini walikuwako watu ambao sheria haikuwafikia vizuri, kwa sababu hawakuwa wamefanya kosa ambalo tribinali ingeweza kulihukumu. Kwa watu wa namna hiyo ndipo Vlakplaas ilipofaa.

Griffiths Mxenge alikuwa mmoja wao. Alikuwa avoka mjini Durban. Zamani alifungwa katika kisiwa cha Robben kwa ajili ya ANC. Alipotoka alishika kazi ya kuwatetea watu walioshtakiwa kwa mambo ya siasa. Kazi yake aliifanya mchana, mbele ya majuji wa serikali yenyewe, akiwa amevaa joho la maavoka. Wangemshtaki kwa nini?

Kapiteni Dirk Coetzee, aliyeongoza Vlakplaas tangu mwaka 1980 hata mwisho wa 1981, alieleza baadaye kwamba mkubwa mmoja wa polisi wa usalama huko Durban alimwagiza afanye mpango juu ya Mxenge. Angalieni neno hilo. Kati ya watu wale ilikuwa nadra mtu kutamka kuua. Walisema mpango. Ni neno safi. Hata sisi katika parokia twalitumia kila Jumapili baada ya Misa, tukipanga usafi wa kanisa na ziara za wagonjwa. Aliyeagiza alijua, na aliyeagizwa alijua, na kama mtu angeandika maneno yao kwenye karatasi asingeona damu hata tone.

Coetzee akachagua watu wanne, wote weusi: Almond Nofemela, David Tshikalange, Brian Ngqulunga na Joe Mamasela. Aliwaambia watumie visu, wasitumie bunduki, ili ionekane kuwa kazi ya wanyang'anyi. Kwanza mbwa wa nyumba ya Mxenge walilishwa nyama yenye sumu. Kisha, jioni ya tarehe 19 mwezi wa 11, 1981, watu wale walisimamisha gari lao kando ya barabara aliyoipita akirudi nyumbani, wakainua kifuniko cha injini kana kwamba limeharibika. Mxenge akaona watu wamekwama usiku. Akasimama ili awasaidie.

Habari ya Msamaria mwema nimeisoma mara nyingi mbele ya wakatekumeni wangu, na kila mara husema: usipite upande wa pili wa njia. Tangu nijue habari ya Mxenge siwezi kuisoma bila kumfikiri. Yeye hakupita upande wa pili, na kwa sababu hiyo aliangukia mikononi mwao. Walimpeleka hata karibu na uwanja wa mpira wa Umlazi, wakamchoma visu mara zaidi ya 40, wakamkata koo. Wakachukua saa yake na fedha zake, ili uongo wa unyang'anyi ukamilike. Gari lake likateketezwa karibu na mpaka wa Swaziland, inchi ambayo leo yaitwa Eswatini. Wauaji wakapewa zawadi, rand 1000 kila mmoja.

Uchunguzi ukafanyika, ukaamua kwamba aliuawa na watu wasiojulikana. Mke wake Victoria, aliyekuwa muuguzi kisha akasoma sheria akawa avoka, aliendelea na kazi ya mumewe. Tarehe 1 mwezi wa 8, 1985 naye akauawa nyumbani kwao Umlazi. Watoto wakabaki bila baba na bila mama, na karatasi ya serikali ilisema vilevile: wasiojulikana.

Miaka minane ikapita hivyo.

Mtu wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Nofemela, na hakukifungua kwa hiari. Alimwua mkulima mmoja mzungu. Safari hiyo hakutumwa na mtu. Ilikuwa kazi ya wizi. Akakamatwa, akahukumiwa kunyongwa. Katika gereza la Pretoria alingoja, akifikiri kwamba wakubwa zake, waliojua kazi zote alizowafanyia, watamtoa. Mtu akija kumwona alimpa moyo: vumilia, mambo yanatengenezwa. Lakini karibu na mwisho akaletewa neno jingine, kwamba itampasa kuyapokea maumivu yake. Ndipo akafahamu kwamba wamemwacha afe ili afe pamoja na siri zao.

Kamba ilikuwa tayari kwa Ijumaa asubuhi, tarehe 20 mwezi wa 10, 1989. Alhamisi, tarehe 19, Nofemela aliwaita maavoka wa haki za binadamu, akaandikisha ushuhuda kwa kiapo. Alisema: nilikuwa katika kikosi cha polisi cha kuua watu, tulimwua Mxenge, mkubwa wetu alikuwa Coetzee. Kunyongwa kwake kukaahirishwa, na baadaye adhabu ya kifo yenyewe ikafutwa katika inchi ile mwaka 1995.

Sitasema kwamba dhamiri ndiyo iliyomwamsha mtu huyu. Kamba ndiyo iliyomwamsha. Mungu peke yake ajua yaliyomo moyoni, lakini sisi twaona saa aliyosema, na saa hiyo yaeleza mengi.

Na Coetzee je? Huyu alikuwa ameondolewa Vlakplaas tangu mwisho wa 1981. Aligombana na wakubwa zake, akaacha kazi ya polisi mwaka 1986, akiwa mgonjwa wa sukari na mwenye uchungu. Alikuwa amewanong'oneza watu wachache mambo aliyoyafanya, hata mwandishi wa gazeti mmoja, Jacques Pauw. Lakini habari za namna ile nani angethubutu kuziandika? Nofemela alipolitaja jina lake, Coetzee alielewa upesi. Serikali itatafuta mtu mmoja wa kubeba dhambi zote, na mtu huyo ni yeye. Pauw na wenzake wakamtafutia kimbilio. Na kimbilio lilipatikana wapi? Kwa ANC, watu walewale aliowawinda.

Mwanzoni mwa mwezi wa 11, 1989 Coetzee alitoroka, akaenda na Pauw katika kisiwa cha Mauritius, na huko akamwaga yote. Tarehe 17 ya mwezi uleule gazeti la Vrye Weekblad likatoka na picha yake. Gazeti hilo lilikuwa dogo, tena liliandikwa kwa Kiafrikaans, lugha ya makaburu wenyewe. Mhariri wake alikuwa kaburu, Max du Preez. Kichwa cha habari kilisema juu ya nyayo za damu za polisi wa Afrika ya Kusini. Kwa mara ya kwanza mkubwa wa polisi, kwa jina lake na kwa cheo chake, alisema: sisi tuliua, na hivi ndivyo tulivyoua.

Mtu angefikiri kwamba siku hiyo mambo yalikwisha. La. Kusema ukweli ni jambo moja, kusadikiwa ni jingine.

Mwanzoni mwa 1990 Rais de Klerk aliweka tume ya uchunguzi chini ya Juji Louis Harms. Tume ile haikuruhusiwa kuchunguza mambo yaliyotendwa inje ya mipaka, ingawa mauaji mengi yalitendwa huko. Watu wa kikosi kimoja cha siri cha jeshi walikuja kutoa ushuhuda wakiwa wamevaa nywele na ndevu za bandia. Watu wa Vlakplaas walikuja, wakaapa, wakasema uongo. Coetzee alisikilizwa huko London, kwa sababu hakuthubutu kurudi. Mwishoni juji akaandika kwamba hakuona uthibitisho wa kikosi cha kuua huko Vlakplaas, na Coetzee si mtu wa kusadikiwa. Nisiwe mkali kupita kiasi: shahidi aliyekiri kuua na kudanganya kwa mshahara ni shahidi mgumu kumsadiki. Lakini mwizi akikuonyesha mahali alipozika mali, yafaa uende na jembe kabla ya kumwita mwongo.

Wenzake waliobaki Vlakplaas walimsadiki kabisa. Katika mwaka uleule wa 1990 walimwua Brian Ngqulunga, mmoja wa wale wanne, maana walishuku kwamba naye atasema. Kisha wakamgeukia Coetzee mwenyewe, aliyekuwa Lusaka mikononi mwa ANC. Mkubwa wa Vlakplaas wakati huo alikuwa Eugene de Kock. Walitengeneza kifaa kidogo cha kusikiliza kaseti, kile cha kuvaa masikioni, wakaficha baruti ndani ya vipande vya masikio. Wakakituma Lusaka kwa posta. Kama mtumaji waliandika jina la Bheki Mlangeni, avoka kijana wa Johannesburg aliyefanya kazi juu ya mambo ya vikosi vya kuua. Coetzee alipata taarifa ya posta, akashuku, hakukichukua kile kifurushi. Posta, kama ilivyo desturi yake, ikakirudisha kwa mtumaji.

Hivyo kifurushi kikamfikia Mlangeni, ambaye hakuwa amekituma. Ndani yake aliona kaseti yenye maandishi kwamba ni ushahidi wa vikosi vya kuua. Ndiyo hasa kazi yake. Tarehe 15 mwezi wa 2, 1991, nyumbani kwake Soweto, alivaa vile vipande masikioni ili asikilize. Akafa papo hapo, na mama yake mzazi alikuwa mle nyumbani. Alikuwa ameoa miezi michache tu kabla yake.

Natamani wasomaji wakae kidogo juu ya habari hii. Muuaji alisema, akahifadhiwa na walinzi katika mji wa mbali. Gharama ya kusema kwake ililipwa na mtu asiye na kosa, aliyekuwa akitafuta ukweli uleule kwa njia ya sheria. Gazeti nalo lililipa: jenerali mmoja wa polisi aliyetajwa katika habari zile alilishitaki, akashindwa katika tribinali ya kwanza, akashinda katika rufani, na mwaka 1994 Vrye Weekblad likafungwa kwa kuelemewa na gharama. Ulikuwa mwaka uleule makaburu walipoacha utawala na Mandela akawa rais. Hata kabla ya uchaguzi, mwezi wa 3, tume nyingine ya Juji Goldstone ilikuwa imetangaza kwamba Vlakplaas ilikuwa kweli tundu la wauaji. De Kock akakamatwa, na mwaka 1996 akahukumiwa kifungo cha maisha mara mbili na miaka 212 juu yake. Alipojua kwamba wakubwa wamemkana, naye akaanza kusema, na alisema kupita wote. Aliachiliwa kwa masharti mwaka 2015.

Sisi Wakatoliki tuna sehemu yetu katika habari hii. Usiku wa tarehe 12 mwezi wa 10, 1988, nyumba iitwayo Khanya House mjini Pretoria, makao ya Baraza la Maaskofu wa Kusini mwa Afrika, ilitiwa moto huku watu wamelala ndani. Kwa neema ya Mungu waliokolewa. Majuma machache kabla yake bomu lilibomoa Khotso House mjini Johannesburg, makao ya Baraza la Makanisa. Kwa miaka mingi wakristu waliuliza ni nani. Jibu lilitoka vinywani mwa watu wa Vlakplaas walipoomba msamaha wa serikali.

Na sasa tufike kwenye msamaha huo. Mwaka 1995 Bunge jipya lilitunga sheria ya kuweka Tume ya Ukweli na Upatanisho, na Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Kanisa la Anglikana akawa mkubwa wake. Sheria ilisema hivi: mtu aliyetenda uovu kwa sababu za siasa aje, aseme yote bila kuficha, naye hatahukumiwa tena kwa tendo hilo. Maombi yalipita 7000, na yaliyo mengi yalikataliwa. Katika sheria hiyo kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Haikudai majuto. Mwombaji hakulazimishwa kusema nimekosa. Alitakiwa kusema nimetenda.

Mtu aliyefundisha Sakramenti ya Kitubio hawezi kupita hapo bila kusimama. Twafundisha majuto, na maungamo, na malipizi. Na majuto ndiyo roho ya vyote. Tume ilichukua maungamo peke yake, ikaacha mengine. Mwanzoni nilichukizwa. Siku hizi sichukizwi sana, na nitaeleza kwa nini. Serikali haina mzani wa kupimia majuto. Ingeyadai, wangekuja na machozi ya bandia kama wale wa ndevu za bandia. Ukweli wapimika: hapa pana kaburi au hapana, gari lilichomwa hapa au halikuchomwa.

Ndugu wa Mxenge hawakukubali. Pamoja na jamaa ya Steve Biko walikwenda mbele ya Tribinali ya Katiba, wakisema kwamba hakuna Bunge lenye haki ya kumnyang'anya aliyefiwa kesi yake. Mwezi wa 7, 1996 walishindwa. Mwezi wa 11 Coetzee aliketi mbele ya Tume huko Durban, akasimulia. Mwezi wa 5, 1997 yeye na Nofemela na Tshikalange walionekana na hatia ya kumwua Mxenge katika tribinali ya kawaida. Lakini tarehe 4 mwezi wa 8, kabla ya kutolewa adhabu, Tume ikawapa msamaha. Coetzee akaenda zake nyumbani.

Katika kikao kile cha Durban alisimulia pia habari ya Sizwe Kondile, kijana wa ANC aliyeuawa mwaka 1981. Alipewa kinywaji chenye dawa ya usingizi, akapigwa risasi karibu na Komatipoort, mpakani mwa Msumbiji. Mwili wake ukawekwa juu ya moto wa kuni. Ulichukua saa nyingi kuteketea, na kando yake polisi waliwasha moto mwingine, wakachoma nyama yao na kunywa pombe mpaka asubuhi. Coetzee alieleza hayo kwa ukamilifu, kama mtu aelezaye kazi ya mikono.

Mama wa kijana, Charity Kondile, alikuwa amesikia kwamba Coetzee angependa kukutana naye na kumtazama usoni. Alijibu kwa kinywa cha avoka wake, mbele ya watu wote: kwamba hiyo ni heshima ambayo Coetzee hastahili, na kama anasikitika kweli, aache kuomba msamaha wa serikali, asimame kortini ajibu juu ya mtoto wake. Baadaye mama huyo alisema pia kwamba kwa Mandela na Tutu kusamehe si vigumu, maana maisha yao yamepewa haki yao. Lakini katika maisha yake yeye hakuna kilichobadilika tangu siku mtoto wake alipochomwa.

Kuna waliomlaumu mama huyu kwa jina la dini. Mimi siwezi. Yeye aliona waziwazi kile ambacho sheria ilikiacha: malipizi. Alimwonyesha muuaji njia yake, tena kwa upole kuliko ambavyo wengi wetu tungeweza, na muuaji hakuifuata.

Mwaka mmoja, katika darasa la watu wazima, nilifundisha juu ya siri ya kitubio, ya kwamba padri hawezi kutoa inje neno alilolisikia, hata akitishwa kuuawa. Mama mmoja mjane, ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na watu wenye silaha wakati wa vita, aliinua mkono. Akasema: Mwalimu, basi yule aliyemchukua mtoto wangu akienda kwa padri amepona. Na mimi, nani ataniambia alipolala? Nilimjibu jambo fulani juu ya haki ya Mungu siku ya mwisho. Jibu lilikuwa sahihi, lakini yeye aliendelea kunitazama. Leo ningejibu vingine. Ningemwambia kwamba padri aweza kumwagiza mwenye kutubu arudishe alichoiba, na kwamba habari za maiti ni mali ya mama. Mwizi wa kuku twamwambia arudishe kuku. Aliyeficha kaburi arudishe kaburi, kwa njia yoyote isiyomlazimisha padri kuvunja siri.

Ndiyo sababu siwadharau kabisa wale watu wa Vlakplaas, ijapokuwa sikuona mtakatifu kati yao. Walisema kwa hofu, kwa kisasi, kwa kujiokoa. Hata hivyo walichorudisha kilikuwa cha kweli. Jamaa ya Mxenge ilichukia msamaha, lakini neno wasiojulikana lilifutwa.

Baadhi ya makaburi yalipatikana hivyo. Phila Ndwandwe alikuwa mwanamke kijana wa jeshi la ANC. Mwaka 1988 polisi wa Durban walimteka huko Swaziland, akamwacha mtoto mchanga nyuma. Walitaka kumfanya askari, kwa maana yao ile. Alikataa. Kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba amegeuka, kwamba yuko upande wa polisi, amekula fedha. Na jamaa yake iliyabeba maneno hayo bila kuwa na la kujibu. Polisi waliomwua walipoomba msamaha walionyesha shamba moja. Mwaka 1997 Tume ikachimba. Mifupa ilikuwa na alama ya risasi kichwani, na kiunoni ulikuwapo mfuko wa plastiki, ambao alikuwa amejifungia ili kujisitiri, maana walimweka uchi. Wauaji wenyewe walishuhudia kwamba hakuwaambia neno. Kama wasingesema, mtoto wake angekua akiambiwa kwamba mama yake ni msaliti.

Nofemela alisamehewa juu ya Mxenge, lakini si juu ya yule mkulima. Alitoka gerezani kwa masharti mwaka 2009. Joe Mamasela alikuwa shahidi wa serikali, wala hakuomba msamaha. Dirk Coetzee alikufa mjini Pretoria mwezi wa 3 mwaka 2013, kwa ugonjwa. Mifupa ya Phila Ndwandwe ilirudishwa kwa jamaa yake, ikazikwa kwa heshima. Kwa Kondile hakuna kilichoweza kuchimbwa. Majivu yake, kama Coetzee alivyoeleza, yalitupwa mtoni.